Daftari la Prodeo

Wamama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, pale soko la Kadutu, hapa Bukavu, walidhani Prodeo ndilo jina la wakili niliyemfanyia kazi. "Prodeo, leo unapita hivihivi?" Naye anageuka, anasalimia mmoja mmoja, anauliza kama mtoto wa fulani ameshatoka. Hakuwahi kuwasahihisha. Siku moja nilimuuliza kwa nini anakubali kuitwa jina la dosie za bure, yaani kesi zisizolipiwa. Akaniambia kwamba katika majina yote ambayo watu wamempa, hilo ndilo angetaka tuliandike msalabani. Tuliliandika, kwa herufi ndogo, chini ya lile la kuzaliwa. Fundi alipiga simu mara mbili kuuliza kama hatukukosea.

Leo imetimia miaka minne tangu tumzike. Mvua inanyesha tangu alfajiri, maji yanaporomoka na udongo mwekundu kutoka juu Kadutu hadi barabarani, na mimi nimekaa na daftari lake la mwisho mapajani. Nimeona niandike.

Pro deo ni Kilatini, maana yake kwa ajili ya Mungu. Kwetu Kongo, dosie ya pro deo ni ya mtu ambaye hana cha kumlipa avoka, yaani wakili. Sheria ya mwaka 1979 iliyopanga kazi ya mawakili inataka baraza lao liwe na ofisi ya kutoa mashauri bure kwa wasiojiweza. Vijana wengi huanzia huko, wanajifunza kazi, kisha wateja wenye pesa wakipatikana wanahama. Siwalaumu, nao wana kodi ya nyumba na ada za watoto. Yeye alianzia huko akiwa na suti moja, akazeekea huko. Wenzake wa darasa walijenga Muhungu na Nguba, karibu na ziwa. Yeye alishuka kwa miguu kutoka Kadutu mpaka siku alipougua.

Nilikuwa karani wake miaka sita. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Nyawera, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mchana kutwa tulisikia nondo zikiangushwa chini. Kulikuwa na meza mbili, kompyuta moja, benchi la wageni, na ukutani kalenda ya kanisa. Watu walilipa walichonacho: maharage, parachichi, kuku aliyefungwa miguu chini ya benchi. Mzee mmoja kutoka Bagira alileta mpini wa jembe aliouchonga mwenyewe. Maître, ndivyo tunavyomwita wakili, aliuweka nyuma ya mlango kwa heshima na hakuruhusu mtu autumie kuulia panya.

Lakini kitu ninachotaka kukieleza hapa ni daftari.

Lilikuwa daftari la shule, la mistari ya miraba, kurasa 96. Likijaa ananunua lingine la aina ileile. Kila mtu aliyeshikwa alipewa mstari wake: jina, jina la mama, siku aliyoshikwa na saa, kasho (mahabusu) gani, kosa gani. Halafu zinafuata safu nyembamba alizozipiga kwa rula: 48, 5, 15, 30, 30, 30. Nilidhani ni mahesabu ya pesa. Kumbe ni siku za watu.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumshika mtu kasho zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiliwe au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka. Parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, nayo inaweza kumshika siku tano kabla ya kumfikisha kwa jaji. Jaji anaweza kumwacha ndani siku 15. Baada ya hapo ni mwezi kwa mwezi, na kila mwezi jaji anapaswa kuangalia upya kama kweli kuna sababu ya kuendelea kumfunga. Hiyo ndiyo sheria kwenye karatasi. Mtu maskini hanyimwi sheria hiyo kwa kelele. Siku yake inapita kimya, hakuna aliyeihesabu, na karatasi inasainiwa kwa sababu hakuna aliyesimama kusema, jaji, huyu leo ni siku yake ya kumi na sita. Gereza letu kuu lilijengwa zamani za Wabelgiji kwa watu kama 500, na kwa miaka mingi limelaza zaidi ya mara mbili ya hao. Wengi wao walikuwa hawajahukumiwa. Maître alikuwa anasema humo ndani kuna watu ambao kosa lao la pekee lililothibitishwa ni kukosa mtu wa kuhesabu.

Kwa hiyo alihesabu. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla duka la chini halijafunguliwa, alikuwa ameketi na daftari wazi, kalamu nyekundu kulia, Biblia kushoto. Nilipoanza kazi nilikuwa nasubiri nje nikidhani anasali na sitakiwi kumkatiza. Baadaye aliniita ndani. Sala yake ilikuwa ni kusoma. Anaweka kidole chini ya jina, anasema jina, anasema jina la mama yake, anasema siku: "Leo tisa. Leo arobaini na mbili. Leo mbili, kesho anapaswa kufika parke." Hakufumba macho, kwa sababu angesomaje? Mwishoni anasema amina, anafunga kalamu, anavaa koti. Mbele ya kanisa alikuwa shemasi, na kwenye kwaya ya akina baba aliimba besi. Ila nikiulizwa imani yake niliiona wapi, najibu ni kwenye kile kidole.

Kosa langu nalo limo humo. Nililikuta tena leo, ukurasa wa tano kutoka mwisho, kwenye lile daftari la kijani. Kijana wa kubeba mizigo bandarini, alisingiziwa kuiba katoni za sabuni. Maître alinisomea tarehe kwenye simu akiwa parke, mtandao ukikatika, nami nikaandika 17 badala ya 11. Siku 15 zikaisha bila sisi kujua. Jaji akaketi, hakuna wa kumsemea, kijana akaongezwa mwezi mzima. Tulipogundua, nilisubiri anigombeze. Alikaa kimya muda mrefu, akaangalia ule mstari, akasema, "Mwanangu, vaa viatu. Twende kwa mama yake."

Mama alikuwa anauza makala, yaani mkaa, mtaa wa Panzi. Tulipanda pikipiki mbili, matope yakaturukia mpaka magotini. Nilitegemea Maître aseme mwenyewe, kwa lugha yake ya mahakamani ambayo ingenificha kidogo. Alimsalimia, akaomba msamaha kwa ofisi yetu, kisha akanigeukia: "Mwambie mama ilivyokuwa." Nikamwambia. Mikono yake ilikuwa myeusi ya makala, akaifuta kwenye kitenge, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo anarudi lini?" Maître akamwambia siku. Akaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha karatasi, mama akakikunja akakifunga kwenye pindo la kitenge, pale wanapofunga pesa. Kijana alitoka siku ile iliyoandikwa. Tangu hapo sijawahi kuandika tarehe bila kuirudia kwa sauti, hata tarehe ya chanjo ya wanangu.

Kuna kesi iliyotugombanisha. Ilikuwa mwishoni mwa 2017, wakati Bukavu nzima ilizungumzia kesi ya Kavumu, mji mdogo jirani. Desemba mwaka ule korti ya kijeshi iliwahukumu wanaume 11 kifungo cha maisha kwa unyama waliowafanyia watoto wa kike, wengine wadogo mno hata kusema ilikuwa shida. Majira hayohayo Maître akateuliwa kumtetea mtu mwingine kabisa, kesi nyingine, lakini tuhuma ni hiyohiyo: ubakaji wa binti. Nilikataa kuchapa dosie ile. Nilimwambia wazi, "Baba, hii siwezi." Hakunilazimisha. Alichapa mwenyewe usiku kwa vidole viwili.

Kanisani wamama waliacha kumpa mkono. Mzee mmoja wa kanisa alikuja hadi ofisini, akakaa kwenye benchi, akamuuliza anawezaje Jumapili kushika kikombe cha Bwana na Jumatatu kushika mkono wa mtu kama yule. Nilikuwepo. Maître alijibu taratibu: "Bwana alisema, nalikuwa kifungoni, mkanijia. Sijaona mahali aliposema alikuwa amefungwa bila kosa." Mzee akaondoka hajaridhika.

Mimi pia sikuridhika, akaliona hilo. Jioni, tukifunga madirisha, akanipa sababu nyingine. Alisema mtu akihukumiwa bila wakili, au na wakili aliyekuja kusinzia, hukumu ile haina miguu. Itakatiwa rufaa, itavunjwa, na yule binti ataitwa tena kusimama mbele ya watu wazima kueleza upya kila kitu. "Nikifanya kazi yangu vizuri, atasema mara moja tu." Alifanya vizuri. Hakumuuliza binti swali hata moja la kumdhalilisha, alipambana na karatasi na tarehe za opeje (afisa wa upelelezi) tu. Mtu yule alihukumiwa na hukumu ikasimama. Mama wa binti alipita mbele ya Maître ukumbini bila kumsalimia, naye akasimama kando kumpisha, ameinamisha kichwa. Mpaka leo sijui kama mimi ningeweza. Lakini yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi nilikuwa na hasira tu, hata kama hasira yenyewe ilikuwa na haki yake.

Aliugua mwezi wa kumi. Wiki mbili za kwanza alikuwa ananipigia kila asubuhi, namsomea majina kwenye simu, upande wa pili nasikia anayarudia. Ya tatu akawa anasikiliza tu. Kwenye kilio, watu walikaa chini ya hema siku nne. Nyimbo zilipokwisha usiku wa pili, mwanaume mmoja akasimama bila kualikwa, akasema jina lake, jina la mama yake, na "siku themanini na tatu". Akakaa. Akasimama mwingine: "Siku kumi na tisa." Halafu mwingine. Mchungaji aliyetakiwa kuhubiri alifunga Biblia yake akaacha waendelee.

Februari 2025, mji ulipokuwa unabadilisha mikono, jeshi likiondoka na waasi wa M23 wakiingia, milango ya gereza ilifunguka na watu wakatoka, wote, waliohukumiwa na wasiohukumiwa. Nilikuwa nimejifungia ndani na watoto, tunasikia milio. Nilimfikiria sana Maître usiku ule. Miaka thelathini ya kuwatoa watu mmoja mmoja, kwa karatasi, na sasa wametoka wote kwa saa chache bila karatasi yoyote. Sikujua angefurahi au angelia. Kulikuwa na wale ambao mji ulikuwa na sababu ya kuwaogopa. Na kulikuwa na wale wa kwenye daftari.

Mmoja wa hao alinifikia wiki iliyopita. Jina lake sitaliandika. Alielekezwa na wamama wa sambaza, ambao bado wanajua nyumba ya karani wa Prodeo. Amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Hakutaka kuketi kwanza. Anasema yuko huru lakini hayuko huru: anaogopa kupita mbele ya yeyote mwenye sare, hawezi kuomba kazi, hawezi kurudi kijijini ambako waliomshtaki bado wapo. Hakuwahi kuhukumiwa. Anataka kujua kesi yake ilifika wapi. "Maître alikuwa ameniandika. Nilimwona akiniandika."

Nikalitoa daftari. Lina harufu ya unyevu sasa, kurasa zimeshikana, ikabidi nizitenganishe kwa kisu cha siagi. Alikuwa ukurasa wa sita. Jina, jina la mama, siku, saa. 48, imekatwa. 5, imekatwa. 15. 30. 30. 30. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko ambao tayari ulikuwa unatetemeka: *Dosie haijaonekana parke. Rudi Jumatatu.*

Nilitafuta tarehe. Jumatatu ile ndiyo aliyolazwa Maître.

Sikujua nimwambie nini. Mgeni wangu aliweka kidole chini ya jina lake, akalisoma, akasoma la mama yake, aliyefariki wakati yeye yuko gerezani. Kisha akauliza kama naweza kumnakilia ule mstari, ili siku yoyote, kwa jaji yeyote, awe na kitu mkononi. Nikaleta karatasi yenye miraba kutoka kwenye daftari la mwanangu. Nikapiga safu kwa rula. Nilirudia kila tarehe kwa sauti, naye akaitikia. Ilipofika ile ya pembeni, nilimtuma mtoto dukani kwa jirani akanunue kalamu nyekundu, na tukamsubiri.