Nilikuwa nahesabu pumzi za watu

Leo nimepanda boda toka Mwanga mpaka Kibirizi na nimefika bila kuhesabu pumzi za dereva. Najua ni kitu cha ajabu kujisifia ila ngojeni.

Mwanzoni mwa 2021 nlikuwa daktari tarajali hapahapa Kigoma, ndo nimetoka chuo hata koti halijafubaa. Takwimu za korona ziliacha kutangazwa tangu mwishoni mwa Aprili 2020 kwaiyo kwenye faili tunaandika nimonia, au "changamoto ya upumuaji", na mgonjwa mwenyewe keshapigishwa nyungu kwao siku nne ndo analetwa. Mtu mzima akiwa ametulia anavuta pumzi 12 mpaka 20 kwa dakika. We umeshika saa unaangalia kifua, 34, 38, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 80 na kitu afu kinashuka, na mitungi ya oksijeni yote ina watu.

Sasa ile hesabu ikanifata nyumbani. Tumekaa tunakula ugali wa muhogo na migebuka, macho yangu yako kwenye kifua cha jamaa niliyepanga nae. Usiku naamka nasimama mlangoni kwake na tochi ya simu. Siku moja akafumbua macho, "We dokta, unaniibia nini?" Nikamjibu 16. Akacheka, mi nikaanza kulia, aisee nililia mpaka jirani akagonga ukuta.

Posho inachelewa, usingizi hamna, ukimwambia mkubwa umechoka anakwambia enzi zao walikuwa wawili wodi nzima (sawa mzee, na nani aliwauliza mnalalaje?). Na huku kwetu ukisema kichwa hakiko sawa ushakuwa chizi, daktari ndo kabisaa, nani atakubali umdunge sindano. Alienisikiliza ni nesi mmoja wa afya ya akili, mama wa makamo, siku ile hata dawa hakunipa, aliniuliza tu nimelala saa ngapi na nimekula nini. Akasema, "Njoo Alhamisi mwanangu, usipokuja nakufata hukohuko wodini." Nimeenda Alhamisi nyingi sana. Nyingine tulikuwa tunaongelea bei ya mawese tu.

Basi leo tunashuka kule, ziwa limetulia, boda ananiuliza mbona kimya kaka. Nikamwambia naangalia maji.