Siku moja maishani mwangu: tarishi na lifti iliyolala

Saa 11:30 alfajiri niko Buhongwa nagombea daladala. Saa 1:20 nimeshasaini daftari la mahudhurio, na ile karatasi bado imebandikwa mlangoni: "Lifti mbovu, tumia ngazi." Mwezi wa pili huu.

Jengo letu lina ghorofa nane, zege tupu, paa bapa, sakafu ya terazo. Vijana hapa mjini Mwanza wanaliita kabati. Mimi nalitetea. Njoo saa 8 mchana, jua likigeukia upande wa ziwa: yale mabapa ya zege yaliyosimama nje ya madirisha yanatupa kivuli, luva zinaingiza upepo, na kwenye korido hutoki jasho ingawa hakuna kiyoyozi. Aliyelichora alilijua jua letu. Ila magoti yetu hakuyafikiria.

Hadi saa 4 ni majalada tu. Masijala iko chini, wakubwa wako juu. Siku hizi madokezo mengi yanapita kwenye kompyuta, kweli, lakini majalada ya watumishi wa zamani bado ni karatasi, na karatasi haipandi yenyewe.

Saa 4:40 akaingia mzee na fimbo yake, ametoka Ukerewe kwa meli kufuatilia mafao.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita."

Akazitazama ngazi, akakaa. Jalada la mtumishi halikabidhiwi mwenyewe, kwa hiyo kumshushia nisingeweza. Nikapanda kumwambia afisa. Mama yule hakujibu kitu. Akavua viatu vya kisigino, akavaa ndala, akabana jalada kwapani, tukashuka. Mzee akasaini mezani kwa mlinzi, juu ya daftari la wageni.

Saa 7, ugali na dagaa kwa mama ntilie. Saa 8 pampu ikagoma, nikabeba ndoo za maji hadi ghorofa ya saba, ambako dirishani unaliona Ziwa Victoria lote limetulia, utadhani linakucheka.

Saa 9:30 watu wanatoka. Kazi yangu ya mwisho ni kufunga luva, maana wadudu wa ziwani wakifuata taa usiku, asubuhi unawazoa kwa kizoleo.

Nilishafika getini nilipokumbuka za ghorofa ya nane.