Neno "tu" katika jibu la kiufundi

Neno linaloumiza zaidi katika jibu la kiufundi ni "tu". "Andika tu amri hii." "Ni kubadilisha tu jina la faili." Anayejibu anadhani anamtoa mwenzake hofu, kumbe anamwambia kwamba kilichomshinda tangu asubuhi ni mchezo wa watoto. Lifute, jibu halitapungukiwa. Futa na "kwani hukusoma maelekezo?", maana hilo ni kofi lililovaa alama ya kuuliza.

Chukua kosa linalowapata sana wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu. Mtu kaandika mistari miwili ya kupata namba ya bahati nasibu, kaihifadhi kwa jina `random.py`, akaiendesha, akaambiwa `has no attribute 'randint'`, yaani `random` haina `randint`, amri ya kutoa namba hiyo. Kila herufi kainakili sawasawa kutoka kwenye somo. Mistari yake haina kasoro: Python hutafuta kwanza kwenye folda ya programu inayoendeshwa, ndipo iende kwenye maktaba yake ya kawaida, ambako `random` halisi ipo, kwa hiyo faili linajiita lenyewe. Jibu kamili lina mambo matatu. Badilisha jina la faili, liwe `bahati.py` kwa mfano. Eleza sababu hiyo. Kisha mpe kipimo: aweke `print(random.__file__)` juu ya mstari unaokwama, aone ni faili gani limeitwa. Hicho kipimo ndicho chenye thamani kubwa, kwa kuwa kesho akikwama na faili aliloliita `email.py`, jina jingine la maktaba hiyo, atajitibu mwenyewe. Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, humwambia mtumiaji waziwazi afikirie kubadilisha jina la faili. Ujumbe wa zamani ndio uliokuwa na upungufu, na waliochekwa kwa kosa hili walichekwa bure.

Dharau pia huficha habari. Mtu akishabezwa mara moja, hasemi tena alichokwisha kujaribu. Anauliza kwa kifupi: "Amri gani inatoa ruhusa zote kwa mafaili yote?" Ukimrushia `chmod -R 777`, amri inayompa kila mtu ruhusa zote kwa folda na vyote vilivyomo, umejibu swali na kumwachia balaa: akiiendesha kwenye folda yake ya nyumbani, SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa usalama, itakataa kutumia ufunguo wake wa siri kwa kuwa kila mtu anaweza kuusoma. Mwulize kwanza, "Ulikuwa unataka kufanya nini kompyuta ilipokataa?" Mara nyingi ni skripti moja (faili la amri) iliyokosa ruhusa ya kuendeshwa, na `chmod u+x`, inayompa mwenye faili ruhusa hiyo, inamtosha. Aliyekwisha kuharibu arudishe ruhusa za mwenyewe peke yake: 700 kwa folda ya `.ssh`, ufunguo unamokaa, na 600 kwa ufunguo.

Swali likiwa pungufu, taja unachokosa: mfumo endeshi na toleo lake, amri aliyoandika, na ujumbe wote wa kosa. Ujumbe uje kama maandishi, maana maneno yaliyo kwenye picha ya skrini hayanakiliki kirahisi. Mwonyeshe na namna ya kunakili, kwa sababu ndani ya terminali, dirisha la kuandikia amri, Ctrl+C husimamisha programu. Kwenye Linux kwa kawaida ni Ctrl+Shift+C. Wajuzi husahau kabisa kwamba hili nalo hufundishwa.

Mwenzako akimbeza mtu mbele yako, jibu swali kwanza, ulimalize. Mwenye shida anasubiri suluhisho. Kisha mwandikie mwenzako faraghani ukimnukulia sentensi yake mwenyewe. Akirudia, msimamizi aondoe maneno ya dharau na kuziacha amri zake zilizo sahihi, kwani huenda mwingine akazihitaji.