Lipstiki ya korali kwenye midomo ya rangi mbili

Mdomo wangu wa juu ni mweusi kuliko wa chini. Wa juu ni kahawia nzito kutoka pembe hadi pembe. Wa chini umezungukwa na kahawia hiyohiyo, ila katikati una waridi. Wanawake wengi wenye ngozi kama yangu, maji ya kunde iliyokolea, wako hivyo, wala si ugonjwa. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila ushauri niliowahi kupewa kuhusu lipstiki ya korali ulianzia kwenye ngozi ya uso: tazama mishipa ya mkononi kama ni ya kijani au ya buluu, tazama kama unapendeza kwa dhahabu au kwa fedha. Mishipa yangu haionekani vizuri kiasi hicho, na dhahabu na fedha zote navaa. Uso wangu haukuwa na ugomvi wowote na korali. Kazi ilikuwa kwenye midomo, na nilipoigeukia midomo yenyewe mambo yakaanza kunyooka.

Ninaposema korali nasema ile rangi iliyosimama kati ya pinki na chungwa, nyama ya papai lililoiva. Pantone, kampuni ya Marekani inayopanga rangi kwa namba, iliitangaza Living Coral kuwa rangi ya mwaka 2019, na kwa kipindi fulani nikawa naiona karibu kila harusi niliyoalikwa: vitambaa vya meza, maua, magauni ya wapambe. Kwenye midomo ya watu sikuiona sana. Huko nyekundu ndiyo malkia, nyuma yake damu ya mzee na hizi kahawia za siku hizi. Nyekundu naivaa, ila nikiingia nayo kazini siku ya Jumanne lazima mtu aulize jioni kuna shughuli gani. Damu ya mzee inanikunja uso. Nilitaka rangi ya kuchangamsha tu, ya kwenda nayo ofisini hata kama usiku umeme ulikatika na sikulala vizuri.

Korali za mwanzo nilizojaribu zilinipausha midomo. Ziko nyingi za namna hiyo, hasa zile ambazo ndani ya kopo lake zinaonekana za upole, pinki iliyotulia yenye chungwa kwa mbali. Upole ule ni weupe. Watengenezaji huongeza titani dioksaidi, unga mweupe ule ule unaotiwa kwenye rangi za ukuta na kwenye baadhi ya krimu za kukinga jua, ili rangi kali iwe nyepesi na ifunike vizuri. Kwenye boksi huandikwa kwa namba yake ya rangi, CI 77891. Mdomo wa waridi unaupokea weupe huo bila shida. Mdomo wa kahawia unaukataa: weupe unaelea juu, kahawia inachungulia kwa chini, na kinachoonekana ni kijivu.

Usije ukakataa kila lipstiki yenye namba hiyo, maana imo karibu kwenye zote, na orodha ya rangi inayotanguliwa na alama ya +/- haikwambii kuna kiasi gani. Inasema tu kwamba huenda imo. Jicho ndilo linalopima. Korali ikinitisha kidogo ikiwa bado ndani ya kopo, ikionekana kali mno, jirani na nyekundu, hiyo naijaribu. Ile ya upole naiacha hapohapo. Mdomo wenye kahawia huipunguza rangi makali kabla haijamfikia mtazamaji, kwa hiyo unachonunua lazima kiwe na makali ya kupunguzwa.

Hili nililiona kwa macho saluni, siku mpambaji aliponipaka Lady Danger, lipstiki ya kampuni ya MAC, ambayo ni korali iliyoegemea sana kwenye nyekundu. Binti wa kiti cha jirani, mwenye midomo ya waridi tupu, alipakwa hiyohiyo. Yeye akatoka na mdomo mwekundu. Mimi nikatoka na korali, ile hasa niliyokuwa naitafuta. Sikuinunua, mshahara una mipaka yake, lakini kuanzia hapo nilijua dukani natafuta kitu gani.

Kuna jambo jingine linalowachosha watu na korali hata wakaiacha. Unapaka saa moja asubuhi ikiwa korali. Saa nne ni pinki, na ukiifuta pinki haitoki. Wengi husema chai imekula chungwa. Chai haina hatia. Baadhi ya rangi zinazotiwa kwenye lipstiki, hasa CI 45380 na CI 45410, ni za jamii ya eosini. Ndani ya kopo hazijioneshi nguvu yake, lakini zikikutana na unyevu wa mdomo hubadilika kuwa pinki na kuzama kwenye ngozi ya juu. Ni jamii hiyohiyo inayofanya kazi kwenye zile lipstiki za kijani zinazogeuka pinki zikipakwa, ambazo wauzaji hupenda kutuchezea nazo. Basi chungwa linakaa juu na kufutika, pinki imeshazama. Kama unaipenda pinki, hizo ni mali, kwa sababu hazitoki kirahisi. Mimi natafuta boksi lenye CI 15850, CI 15985 na oksaidi za chuma, CI 77491 na CI 77492, lisilo na zile mbili za eosini. Hizo hukaa juu ya mdomo, na zikiondoka zinaondoka pamoja. Maandishi yenyewe ni madogo kupita kiasi. Huwa naipiga boksi picha na kuikuza kwenye simu. Wauzaji wameshanizoea.

Kununua nanunua Kariakoo, mitaa ya kuzunguka ule Mtaa wa Kongo. Bei ni sababu mojawapo. Sababu kubwa ni kwamba duka liko mlangoni na nje ya mlango kuna jua. Taa nyeupe za dukani huisogeza korali upande wa pinki, za njano huisogeza upande wa chungwa, na kwenye jumba kubwa la maduka lenye viyoyozi itabidi utembee hadi kwenye maegesho ndipo uione rangi ya kweli.

"Dada, chukua hii, ndiyo inayotoka sana," aliniambia kijana wa duka, akinipa moja ya zile za upole.

"Inawatokea wengine, kaka. Nipe ile ya pembeni, na hicho kioo, nitoke navyo nje mara moja."

"Hiyo kali, dada! Hiyo wanachukua weupe."

"Niazime tu."

Siijaribu kwenye mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono wangu haufanani na mdomo wangu hata kidogo. Napaka kidogo kwenye ncha ya kidole kwa ndani, ambako kuna uwaridi wa kukaribiana na mdomo wa chini, halafu kidogo kwenye kifundo cha kidole, pale ngozi inapokunjika na kuwa nyeusi, ambapo ndipo mdomo wangu wa juu ulipo kwa rangi. Zikionekana ndugu sehemu zote mbili, tunaongea bei. Ya kujaribia siipeleki mdomoni kabisa. Imeshapita kwenye midomo ya watu, na malengelenge ya mdomo yanaweza kuambukizwa hivyohivyo.

Kabla ya kutoa pesa naangalia jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe, na ile picha ya kikopo kilichofunuliwa yenye 12M au 24M, ambayo ni miezi ya kutumia tangu ufungue. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini ulitoka kwenye iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukahamia TBS, shirika la viwango la Tanzania, na bidhaa inayouzwa sokoni inatakiwa iwe imesajiliwa. Boksi lisilo na maelezo yoyote, au lenye jina kubwa la kigeni lililokosewa herufi, naliacha hata bei ikishuka hadi nauli ya daladala. Halafu nanusa. Lipstiki ina nta na mafuta, mara nyingi mafuta ya mbarika, na iliyokaa kwenye joto muda mrefu inajisema yenyewe kwa harufu.

Niliyoishia kuichukua ni korali yenye tofali ndani yake, isiyong'aa wala isiyokauka kabisa. Zile za mati kavu, zisizo na mng'ao wala unyevu, zinaonekana vizuri kwenye picha, ila kwenye midomo yangu zinaingia kwenye mistari na kuikuza. Hapohapo nikachukua na penseli ya mdomo ya kahawia, na bila penseli hiyo sidhani kama ningekuwa na la kuandika.

Watu wengi wenye midomo ya rangi mbili hujaribu kuung'arisha wa juu ufanane na wa chini. Wanapaka konsila, ile krimu ya kuficha madoa, kisha lipstiki juu yake. Inafaa kwa picha za dakika kumi. Kwenye joto la Dar konsila inajikusanya pembeni na weupe uliokuwa unaukimbia umeurudisha mwenyewe. Mimi nafanya kinyume: nauteremsha wa chini. Kwanza nafuta midomo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, napaka mafuta ya nazi, nayaacha hadi nimalize kuvaa, kisha nayafuta yote, kwa sababu lipstiki juu ya mafuta haishiki. Halafu nachukua penseli ya kahawia. Mdomo wa juu naugusa ukingoni tu. Wa chini naufuata ukingo, kisha najaza ile sehemu ya waridi kwa mkono mwepesi, nasambaza kwa kidole hadi mistari ipotee. Hapo midomo yote miwili ina kahawia inayokaribiana. Korali naipaka kwa kugongagonga na kidole, naanzia katikati kwenda pembeni, nabana tishu kati ya midomo, narudia mara nyingine. Ukingo unabaki na kahawia yangu ya kuzaliwa, katikati korali inawaka. Huhitaji mkono wa mpambaji kwa hilo.

Usoni siongezi mengi. Korali yenyewe, tone dogo lililosambazwa mashavuni, linatosha badala ya ile poda ya mashavu. Macho wanja tu. Nikiweka na rangi za macho, uso unakuwa na mashindano. Kwa nguo, buluu ya bahari, nyeupe na hata buibui jeusi vinaibeba vizuri. Kitenge chenye chungwa tupu kinaivuta lipstiki ionekane pinki, kwa hiyo siku ya kitenge cha hivyo navaa kahawia. Meno nayo uyaangalie: korali inayoelekea sana kwenye chungwa huonesha zaidi umanjano wa meno, inayoelekea kwenye pinki au nyekundu huyang'arisha. Hii nayo hutaiona dukani usipocheka mbele ya kioo, na mimi nacheka, watu wanitazame wakitaka.

Mtihani wenyewe ulikuwa sendofu ya binamu yangu. Sare yetu ilikuwa kijani cha bahari, ukumbi umejaa, feni zinasukuma joto tu. Lipstiki kwenye sherehe zetu haiuliwi na kula. Pilau ina mafuta na mafuta yanayeyusha lipstiki ya mafuta, hilo lajulikana, unabana tishu kabla ya kula na unaongeza baadaye. Inauliwa na vigelegele. Mdomo unafunguka wote, ulimi unapita, na ukifunga unakuta meno ya mbele yamepakwa. Dawa yake ni ya kufanya kabla hujatoka nyumbani: ingiza kidole safi mdomoni, kizungushie midomo, kivute nje. Rangi ya ndani inayongoja kugusa meno inatoka na kidole. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka, na picha zote za siku ile meno yangu ni safi.

Kwenye mkoba siitupi tu. Joto likizidi, hasa ndani ya gari lililosimama juani, kijiti hutoa vitone vya mafuta juu yake, na kikilegea hukatika kwa kugusa. Cha kwangu kinalala kwenye mlango wa friji, karibu na nyanya, jambo ambalo mume wangu ameshaacha kuliuliza. Usiku naitoa kwa mafuta ya nazi na pamba, naacha mafuta kidogo midomo ilale nayo.

Pale ukumbini mama mdogo alinishika kidevu kama alivyonishika nikiwa mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ya mdomoni umeipata wapi? Nami naitaka hiyohiyo."

Nikamtajia duka, ila nikamwomba anyooshe kidole kwanza nimpake. Midomo yake ni ya waridi yote, na vidole vyake hivyohivyo. Kwenye ncha ya kidole chake korali yangu ilikuwa nyekundu ya tofali, ya kumzeesha bure. Jumamosi tulikwenda wote Kariakoo, na kijana wa duka alifurahi sana kuona hatimaye mmoja wetu amechukua ile inayotoka sana.