Siku moja ya mwalimu wa sayansi Moshi: msumari, waya na choya

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kengele napima kila betri kwa balbu ya tochi. Balbu ikitoa mwanga mwekundu hafifu, betri hiyo haiingii darasani. Zana ya kufaragua, yaani ya kujitengenezea kwa vitu vilivyopo, isiyojaribiwa asubuhi humfundisha mtoto kwamba kitabu kinadanganya.

Saa 2:00. Sumaku-umeme. Kila kikundi kinapewa msumari wa inchi nne, betri kubwa ya volti 1.5, vibanio vya karatasi na mita mbili za waya wa shaba wenye vanishi, unene kama nusu milimita. Waya wa mota iliyoungua haufai: vanishi imebabuka, mizunguko inagusana na umeme unakatiza njia. Afadhali transfoma ya redio mbovu, ule waya mnene wa upande wa volti ndogo. Mafundi redio wanazo.

Ncha mbili zinakwanguliwa kwa msasa, sentimita 2 kila moja, hadi shaba ing'ae. Vikundi vingi vinakwama hapa, maana vanishi nayo ina rangi ya shaba na mtoto huona kama ameshamaliza. Halafu wanauzungusha kwenye msumari mara 25, wanaunganisha ncha na betri, wanahesabu vibanio vilivyonaswa, wanaongeza hadi 50, kisha 100. Waya haukatwi, unaobaki unaning'inia tu. Ukiukata mfupi kwa mizunguko 25, umeme unaongezeka, na hapo umebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Kosa jingine: wakifika mwisho wa msumari wanarudi wakizungusha upande wa kinyume. Safu ya pili inafuta nguvu ya ile ya kwanza. Kurudi sawa, ila mwelekeo wa kuzungusha ubaki uleule.

Betri isiunganishwe zaidi ya sekunde 10. Waya mfupi namna hii hauzuii umeme vya kutosha, hivyo betri inapata moto na kuisha kabla kipindi cha dakika 40 hakijaisha.

Saa 4:30. Uji. Choya, yaani rozela, inalowekwa wakati huohuo kwa ajili ya kipindi kijacho: vijiko viwili vya chakula vya maua makavu kwa kikombe cha maji ya moto, dakika 10, kisha inachujwa.

Saa 5:00. Asidi na besi. Matone machache ya maji ya choya yanawekwa kwenye vifuniko vyeupe vya chupa. Kwenye ndimu rangi inabaki nyekundu. Kwenye maji ya magadi, au ya majivu ya maganda ya ndizi, inageuka kijani. Rangi iandikwe papo hapo, kwani kwenye besi kali huharibika na kuwa kahawia. Msiloweshe karatasi za daftari mkidhani mtapata litmasi, karatasi ya kupimia asidi na besi: karatasi nyingi zina chokaa, nayo hubadilisha rangi kabla hujapima chochote.

Saa 8:00. Maji yanayochemka. Kipimajoto hakifaraguliki, kinunuliwe. Hapa Moshi husoma nyuzi 97 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Watoto waandike walichokiona.

Saa 11:00 jioni. Misumari iliyobaki na usumaku baada ya kuzima umeme inawekwa kwenye mkaa hadi iwe myekundu, kisha inafukiwa kwenye majivu ya moto ipoe taratibu hadi asubuhi. Chuma kinalainika na kuachia usumaku upesi. Tumia misumari myeusi ya kawaida tu. Iliyopakwa zinki isichomwe, moshi wake una sumu.