Madoa meusi kwenye mbao za mashua, yametoka

Mashua yetu hapa Nungwi vanishi ilikuwa inabanduka magamba magamba na kila penye skrubu pana doa jeusi, unapiga msasa wee halitoki, maana ile ni kutu imeshaingia ndani ya msaji (mbao ya mtiki). Dawa yake asidi ya oksaliki, ni unga, koroga na maji ya moto upake (glavu lazima jamani, vumbi lake usilivute), doa linafifia huku unaliona, kisha suuza sana kwa maji ya bomba, acha mbao zikauke hasa. Skrubu nimetia za stenlesi. Msasa namba 120, halafu 220, vanishi ya kwanza nyepesi, itie tapentaini izame, zinazofuata bila tapentaini, tena nyingi, jua letu linakula vanishi. Na paka asubuhi umande ukishakauka, saa saba inatoa malengelenge.