Siku moja maishani mwangu: kutoa petroli kuukuu kwenye tangi la boti, Mikindani

Saa 12:30 asubuhi. Nawahi ufukweni kabla jua halijapanda, kwa kuwa petroli hutoa mvuke mwingi zaidi kunapokuwa na joto. Hata hivyo, ubaridi wa alfajiri ya Mtwara ni nafuu ndogo tu, wala si kinga, maana mvuke wa petroli unaweza kuwaka hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri. Boti ya leo ni ya faiba, ina tangi la lita 90 chini ya sakafu, na imepumzishwa mchangani tangu kusi ilipoanza kuvuma.

Saa 1:00. Mwenye boti anafika na mpira wa maji begani. Namwamkia, anaitikia marahaba, kisha ananiuliza kwa nini nisivute kwa mdomo tumalize upesi. Namweleza kwa adabu kwamba petroli kidogo tu ikipenya mapafuni inaweza kuyaharibu vibaya, na kwamba hata aliyeimeza hatapishwi, kwa sababu wakati wa kutapika ndipo inapopata njia ya kuingia mapafuni. Mtu huyo hukimbizwa hospitali. Mzee anaukunja mpira wake. Wapo mafundi wanaouona ujuzi katika kuvuta kwa mdomo, mimi siuoni.

Saa 1:30. Tunafungua vifuniko vyote vya sakafu na kungoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai ukaenda zake, bali huzama na kutuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, pale pale zinapopita nyaya za umeme. Betri siigusi kwanza, kwa sababu kufungua waya wake kunaweza kutoa cheche. Hewa ikishapita vya kutosha na harufu ikaisha, ndipo nafungua waya wa hasi, kisha wa chanya, na betri inashushwa nchi kavu. Simu na sigara zinaachwa mbali, upande unakotoka upepo. Karibu yetu upo mtungi wa unga wa kuzimia moto na ndoo ya mchanga. Maji hatuyategemei, kwa kuwa petroli huelea juu yake na moto ukasambaa pamoja nayo.

Saa 3:00. Kazi yenyewe inaanza. Kijana wangu anainua omo, yaani mbele ya boti, kwa magogo ili mafuta yakusanyike upande wa tezi, yaani nyuma, nami naunganisha pampu ya mpira ya kuminya kwa mkono. Pampu ya umeme isiyotengenezwa kwa ajili ya petroli haikaribii hapa. Madumu ya chuma yamekaa chini mchangani, si juu ya boti, na mdomo wa mpira unafika hadi kitako cha dumu, kwani petroli inayoanguka kutoka juu kwa kasi hujikusanyia umeme tuli, na cheche yake moja inatosha. Kila dumu naliachia nafasi juu, maana mafuta hutanuka yakipata joto.

Bomba la kunyonyea la tangi halifiki chini kabisa, na huko chini ndiko kwenye balaa. Nafungua tundu la geji na kuteremsha mpira hadi sakafu ya tangi. Kinachotoka nakikinga kwanza kwenye chupa ya kioo: juu petroli yenye rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi, chini maji, na chini zaidi chembe za kutu. Maji hayo hutokana na unyevu wa hewa unaogeuka matone ndani ya tangi lisilojaa, na mengine hupenya kwenye kifuniko chenye mpira uliochakaa. Hiki cha mzee kimepasuka.

Saa 5:00. Tangi ni tupu, lakini tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka, kwa hiyo linaachwa wazi na hakuna anayelisogelea na tochi ya kawaida. Matambara tunayatandaza kivulini yakauke, mbali na watu.

Saa 7:00. Chakula, baada ya kunawa kwa sabuni. Jirani anaomba dumu moja la kuwashia mkaa. Namkatalia, na ndugu wa mzee aliyetaka kulichanganya na mafuta ya taa ya jiko namkatalia kwa ukali zaidi, kwa sababu jiko la utambi lenye petroli huweza kulipuka mikononi mwa mpishi. Kuyamwaga mikokoni nako hakuzungumziki. Madumu yanaandikwa "petroli chafu" na kuwekwa kwenye banda lenye hewa, mbali na nyumba, hadi yachukuliwe na mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi.

Saa 9:30. Nabadilisha kichujio na kifuniko cha tangi. Kabureta, ambayo bila shaka imeganda utomvu wa mafuta hayo, tutaifungua kesho, na mzee amekubali kutotia petroli mpya hadi hapo.